Nikate springi gari lishuke?

*Kila wiki natoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Webuye kwa Toyota Fielder. Kwenye kona linayumba. Fundi anataka kukata springi lishuke. Nikubali? Msomaji, Kitale*

Usikubali, ndugu yangu. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Gurudumu likining'inia shimoni, inaweza kuchomoka. Kuyumba huko mara nyingi ni shoki zilizochoka au bushi zilizolika. Bonyeza kona ya boneti uachie: gari likiendelea kudunda, shoki imekwisha. Anza hapo.

Bado ukitaka kushusha, nunua springi za modeli yako, zisizolishusha zaidi ya sentimita 3. Usizidishe hapo, kwani gunia la mahindi la kilo 90 nalo hushusha nyuma, na matuta yapo barabarani. Halafu fanya alaimenti. Ukisikia chuma kikigonga, mwone fundi siku hiyohiyo.