MALI BILA DAFTARI: Majaribio Manne ya Nyumbani Juu ya Antena, Bando, Kadi na Chaji

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tusiwaachie wenye maduka peke yao. Siku hizi mali ya mwanafunzi ni bando alilonunuliwa, chaji iliyomo ndani ya simu na nafasi iliyobaki katika kadi ya kumbukumbu. Mali hii haishikiki kama unga wa debe, kwa hiyo huisha mwenyewe asijue imekwenda wapi. Katika makala haya nitaeleza majaribio manne ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani kwa kutumia daftari, kalamu na hesabu za kidato cha kwanza. Funzo ni moja tu: kabla hujaamini maandishi ya kwenye boksi, pima.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Hebu tukumbuke mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 4, 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, yaani KICD, ilipeleka masomo nyumbani kwa redio, kwa runinga na kwa mtandao. Masomo yalikuwa yale yale lakini hayakumfikia kila mtu sawasawa. Lavington na Kawangware ni mitaa jirani. Mwenye intaneti ya mwezi mzima upande huu alitazama video apendavyo, na mwenzake wa upande ule alihesabu shilingi za bando moja moja. Aliyejua kupima alijua njia ya kufuata. Asiyejua alimaliza bando kabla ya kipindi kwisha.

JARIBIO LA KWANZA: Antena ya waya

Mwanzoni mwa mwaka wa 2015 Nairobi iliaga matangazo ya runinga ya analogi na kuingia ya dijitali. Tangu hapo runinga ya zamani inahitaji king'amuzi, ambacho wengi wetu mtaani tunakiita dekoda. Kipo kile cha kulipia kila mwezi, na kipo kile unachonunua mara moja ukaona stesheni za bure. Hiki cha pili, pamoja na antena nzuri, humtosha mwanafunzi.

Matangazo ya dijitali hutumia mawimbi ya kati ya megahezi 470 na 694. Tukitaka urefu wa wimbi kwa mita, tunagawa 300 kwa idadi ya megahezi. Tuchukue 600 ili hesabu iwe rahisi: 300 kugawa kwa 600 ni nusu mita, yaani sentimita 50. Antena rahisi kabisa ni ya nusu wimbi, nayo ni sentimita 25. Kwa hiyo kata vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 12 hivi. Vifunge juu ya kipande cha ubao katika mstari mmoja, ncha zao zikaribiane bila kugusana. Sasa chukua waya wa antena: uzi wa katikati uunge na kipande kimoja, na wavu wa nje uunge na cha pili. Kazi imekwisha.

Elekeza wapi? Minara inayoirushia Nairobi matangazo iko upande wa Limuru, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukiwa Kangemi, Uthiru au Kawangware, litazame jua linapotua kisha ugeuke kulia kama nusu ya njia kuelekea kaskazini. Antena ya namna hii hupokea vizuri kwa ubavu, si kwa ncha, basi ubavu ndio uelekee huko. Jaribu kuilaza, kisha jaribu kuisimamisha, na uandike namba zinazotokea.

Namba gani hizo? Katika menyu ya king'amuzi kuna vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Usiamini picha peke yake. Zamani mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga lakini ulizidi kutazama. Dijitali haina huruma hiyo. Picha hubaki safi mpaka ubora ushuke chini ya kiwango fulani, halafu hukatika ghafla kama stima iliyopotea. Mwenye kusoma namba hujua mapema kwamba yu karibu na ukingo.

Jambo moja nililoliona waziwazi katika majaribio haya ni kwamba mabati ni ukuta wa mawimbi. Antena ile ile iliyokataa kabisa ndani ya chumba cha mabati ilionyesha picha safi ilipotolewa nje ya dirisha. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia antena ya bei ghali, isogeze hatua mbili kwanza. Ila tahadhari: usipande juu ya paa karibu na nyaya za stima, na mvua ya radi ikikaribia, uchomoe mapema waya wa antena ya nje; ikishaanza, usiiguse.

JARIBIO LA PILI: Bando

Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ya polepole na ghali. Njia ikapanuka, lakini anayenunua kwa kipimo bado analipia kila tone.

Hapa wengi hukanganywa na maneno mawili: biti na baiti. Kasi hupimwa kwa biti, bando hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Tuseme video inapita kwa megabiti 1 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni megabiti 3,600. Gawa kwa 8 upate megabaiti 450. Bando la gigabaiti moja litakwisha baada ya saa mbili na dakika chache. Sasa chukua sauti tupu inayopita kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa saa moja utatumia megabaiti 28.8 tu. Bando lile lile litakupa zaidi ya saa 34!

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Simu nyingi zina mahali katika mipangilio panapoonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Andika namba iliyopo. Tazama somo kwa dakika kumi. Andika namba mpya, toa ile ya kwanza, kisha zidisha kwa sita. Hayo ndiyo matumizi yako ya saa moja. Rudia jaribio ukiwa umepunguza ukali wa picha, na uweke majibu mawili bega kwa bega. Kwa somo la hesabu lililoandikwa ubaoni utatambua kwamba picha ya wastani inasomeka vizuri, na kwamba ile kali sana ilikuwa anasa.

JARIBIO LA TATU: Kadi ya kumbukumbu

Njia nzuri ya kuokoa bando ni kupakua somo mara moja, kulihifadhi katika kadi na kugawana na wenzako kwa bluetooth bila gharama. Ukipanda matatu ya 46 kutoka Kawangware ukashuka mjini na kutembea hadi Luthuli Avenue, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, utakuta vifaa vya kila namna. Mwuzaji mwema yupo na mjanja yupo, mjini kama popote pale. Daftari ndilo litakalowatenganisha.

Kwanza tuwe waadilifu. Ukinunua kadi ya gigabaiti 32 simu ikaonyesha 29.8, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na vifaa vingi huhesabu 1,073,741,824. Gawa 32,000,000,000 kwa namba hiyo ya pili utapata 29.8. Basi usimpandie mwuzaji bure.

Wizi wenyewe uko kwingine. Kuna kadi bandia ambazo kidude chake cha ndani kimefundishwa kusema uongo. Kadi ni ya gigabaiti 4 lakini inajitangaza kuwa ya 32. Utapakia masomo, na majina yake yote utayaona yamejipanga vizuri. Lakini nafasi ya kweli ikishajaa, yanayofuata hupotea au hufuta ya mwanzo. Unagundua wiki ya mtihani. Ili kuipima, ijaze kadi tupu mpaka mwisho kwa faili unazozijua, kisha zifungue moja baada ya nyingine, hasa za mwanzo na za mwisho. Zote zikicheza, kadi ni halali. Fanya hivyo siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni.

JARIBIO LA NNE: Chaji

Pawabenki imeandikwa 10,000 mAh. Simu yako ina betri ya 5,000 mAh. Je, utachaji mara mbili? Wengi watajibu ndiyo. Jibu sahihi ni hapana, na sababu yake ni hii.

Hizo 10,000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Tukizidisha ampea-saa 10 kwa volti 3.7 tunapata wati-saa 37. Lakini pawabenki hutoa umeme kwa volti 5, kwa hiyo gawa 37 kwa 5 upate 7.4, yaani 7,400 mAh. Namba imepungua lakini wati-saa ni zile zile 37; hasara yenyewe ni kwamba katika kubadilisha volti, sehemu hupotea kama joto, ndiyo maana kifaa huwa vuguvugu mkononi. Pawabenki ya kweli itakupa chaji moja na nusu hivi. Ikikupa chini ya chaji moja ikiwa bado mpya, hapo una haki ya kurudi dukani. Pima hivi: subiri simu ifike asilimia 10, izime, ichaji hadi 90, na uandike umeifanya mara ngapi mpaka pawabenki ilipokata roho, ukikumbuka kwamba kila mara ni asilimia 80 tu ya chaji moja.

Runinga nayo ina hesabu yake. Uniti moja ya tokeni ya stima ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Runinga ya wati 50 itaila uniti moja kwa saa 20. Redio ndogo hutumia chini ya wati moja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tukiyaweka majaribio pamoja, somo la saa moja linagharimu hivi:

Kwa redio: hakuna bando, chaji ni kidogo mno.
Kwa runinga ya bure: hakuna bando, sehemu moja ya ishirini ya uniti.
Kwa sauti ya mtandao: megabaiti 29 hivi.
Kwa video ya mtandao: megabaiti 450 hivi.

Sisemi video ni mbaya. Mchoro wa moyo au jaribio la kemia hulielewi kwa kusikiliza tu. Ninachosema ni kwamba kila somo lina chombo chake, na chombo ghali si lazima kiwe ndicho bora. Fasihi simulizi, ufahamu wa kusikiliza na historia hukaa vizuri sana ndani ya sauti.

Hapa nina ombi kwa walimu wetu wapendwa. Mwalimu anapotuma katika kundi la darasa video ya dakika 40, kwa kipimo cha hapo juu kila mwanafunzi analipia megabaiti 300. Darasa la wanafunzi 40 linalipia gigabaiti 12. Mwalimu huyo huyo akirekodi sauti yake na kuongeza picha tatu za ubao, zilizopunguzwa hadi nusu megabaiti kila moja, kila mwanafunzi atalipia megabaiti 21 hivi. Darasa zima halifikishi gigabaiti moja. Tofauti hiyo haitoki katika mfuko wa mwalimu wala wa shule. Inatoka kwa mama anayeuza mboga Kangemi na baba anayesubiri kibarua asubuhi. Kupima hakumtajirishi maskini, lakini kunamwezesha kuuliza swali lenye namba ndani yake, na swali la namna hiyo ni vigumu kulipuuza.

Wanachama wenzangu, kila mmoja wetu na afungue ukurasa mmoja nyuma ya daftari lake. Aandike tarehe, kifaa, alichopima na alichopata. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe usikubali bila kukipima.

MSAMIATI
Biti: kipande kidogo kabisa cha habari katika tarakilishi, ama 0 ama 1.
Baiti: biti nane.
King'amuzi: kifaa kinachogeuza matangazo ya dijitali yaonekane katika runinga.
Pawabenki: betri ya kubeba inayochaji simu.
Kupakua: kuvuta faili kutoka mtandaoni na kuihifadhi.

ZOEZI
1. Antena ya nusu wimbi ya megahezi 500 itakuwa na urefu wa sentimita ngapi?
2. Video inapita kwa megabiti 2 kwa sekunde. Itatumia megabaiti ngapi kwa dakika 30?
3. Kadi ya gigabaiti 64 itaonyesha gigabaiti ngapi katika simu?
4. Pawabenki ya 20,000 mAh ina wati-saa ngapi?
5. Pima matumizi ya bando ya programu moja unayoipenda kwa dakika kumi, kisha uandike aya moja kwa Kiswahili sanifu ukieleza ulichogundua. Aya zipelekwe kwa katibu wa chama. Zilizo nzuri zitabandikwa ubaoni.