Kumtunza Mgonjwa Asiyetazamiwa Kupona

Mara nyingi mambo huanza hivi. Mzee mmoja wa kijiji amelazwa katika hospitali ya mbali muda wa majuma mawili au matatu. Jamaa wameuza mbuzi, kisha mihogo ya shamba, kisha baiskeli. Siku moja daktari amwita mwana wa mzee huyo kando, amwambia kwamba ugonjwa ni kansa, tena umekwisha kuenea mwilini, haukatiki kwa kisu. Halafu amaliza kwa neno moja: mrudisheni nyumbani, hakuna tena la kufanya.

Neno hilo husemwa katika hospitali nyingi, wala halisemwi kwa ubaya. Daktari mwenyewe huona haya kwa sababu amekosa dawa. Lakini si neno la kweli. La kuponya labda halipo, bali la kufanya ni jingi. Mzee arudishwa kwa pikipiki, mwanawe amemshika kwa nyuma asianguke, na jioni ile ile nyumba nzima yatambua kwamba kazi yenyewe ndipo inapoanza. Nani atamwosha? Nani atakesha? Maumivu yakija usiku, atapewa nini? Katekumeni hufundishwa kwamba kuwatazama wagonjwa ni tendo la huruma. Yafaa ajue pia namna ya kulitenda.

Kazi ya kuwatunza watu wa namna hiyo ina jina lake: huitwa hospisi. Neno limetoka katika Kilatini. Hospes maana yake ni mgeni, na tena ni yule ampokeaye mgeni nyumbani mwake. Neno moja kwa watu wote wawili. Mwaka 1842, katika mji wa Lyon, Ufaransa, mjane Jeanne Garnier, aliyekuwa amefiwa na mumewe na watoto wake wawili, aliwakusanya wajane wenzake ili wawatunze wagonjwa wasioponyeka. Mwaka 1879 masista wa Ireland walifungua nyumba ya wenye kufa mjini Dublin. Na mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa kwanza mwuguzi, kisha akasoma udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London. Huyo ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana sehemu nne zilizofungamana: mwili waumia, moyo wahangaika, mambo ya jamaa na mali yamsumbua, na roho ina maulizo yake. Anayetuliza mwili peke yake hajafika hata nusu ya njia.

Lakini nyumba kubwa kama zile za Ulaya haziwezi kujengwa katika kila kijiji cha Afrika, wala hakuna haja. Mfano ulio karibu wapatikana Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, ambaye zamani alikuwa sista mmisionari huko Nigeria, alianzisha mjini Kampala hospisi iitwayo Hospice Africa Uganda. Hakuanza kwa kutandika vitanda. Wauguzi waliwafuata wagonjwa nyumbani kwao, kwa kuwa watu walio wengi hupenda kufia kwao, karibu na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1998 kazi ilifika Mbarara, na Hoima pia, mji usio mbali na Ziwa Albert. Ng'ambo ya pili ya ziwa hilo ni Kongo.

Dawa yao kubwa ni morfini ya kunywa. Hutengenezwa kwa unga wa morfini uliotiwa katika maji, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia yasiharibike, na rangi ya chakula. Rangi hiyo si pambo. Ya kijani ni nyepesi, nyekundu ni kali, na ya buluu ni kali zaidi; hivi hata mama asiyejua kusoma hawezi kuchanganya chupa. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala kipimo huongezwa maradufu, kama mwuguzi alivyoagiza, ili usiku apate usingizi yeye na yule anayemlinda. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuagiza morfini, si madaktari peke yao. Kanuni hiyo ilikuwa ya akili, maana katika wilaya nyingi daktari alikuwa mmoja, na mara nyingine hakuwapo kabisa.

Watu wengi huogopa dawa hiyo, na maulizo yao ni ya haki.

Ulizo: Je, morfini haimwui mgonjwa upesi?
Jibu: Ikitolewa kwa kipimo cha haki na kuongezwa polepole, haiui. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa hulala sana, na jamaa hudhani kwamba ndiyo kufa kwenyewe. Kumbe analipa deni la usingizi wa majuma mengi. Dawa humfunga tumbo, na hali hiyo haiishi yenyewe. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza apewe kitu cha kulainisha tumbo. Huko Uganda hutumia pia mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa. Wala dawa isikatwe ghafula. Na chupa iwekwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Ulizo: Je, haimpasi Mkristu kuvumilia maumivu yake kama Bwana Yezu?
Jibu: Bwana Yezu alipokutana na mwenye ukoma hakumwambia avumilie, alimgusa akamponya. Mtu aweza kumtolea Mungu maumivu yake, lakini hakuna ruhusa ya kutoa maumivu ya mwingine kwa niaba yake. Papa Pio XII, alipoulizwa na madaktari mwaka 1957, alijibu kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa za namna hii, hata ikitokea kwamba zapunguza maisha kidogo, ikiwa hakuna njia nyingine na nia si kumwua mgonjwa.

Katika Kongo morfini bado ni haba, hasa vijijini, na sehemu kubwa ya morfini ya dunia hutumiwa katika nchi tajiri. Hiyo ni aibu, lakini si ya wanakijiji. Asiyeipata asikae bure. Mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia lilianza kufundisha kupanda ngazi: kwanza dawa nyepesi kama parasetamoli, kisha kodeini, kisha morfini. Na katika kila daraja dawa hutolewa kwa saa zake, kwa kipimo cha mwuguzi. Haifai kungoja mpaka mgonjwa alie ndipo apewe.

Tena kuna mambo ambayo hayahitaji duka la dawa. Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, vinginevyo ngozi yake itaoza mgongoni na kiunoni. Kinywa chake kisafishwe kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo sana. Kidonda kinachonuka kikinyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, harufu hupungua, na wajukuu hurudi kukaa karibu na babu yao. Chakula asilazimishwe. Hapa akina mama huumia sana, kwa sababu kwao kulisha ndiko kupenda, na mzee anapokataa ugali waona kwamba wamemwacha afe njaa. Sivyo. Si njaa inayomwua. Mwili wake unakufa, ndiyo sababu hauoni njaa tena. Kijiko cha maji au cha uji chatosha, akikitaka.

Lakini mgonjwa si peke yake katika nyumba hiyo. Yupo mtu mwingine ambaye jina lake halitajwi katika maombi ya kanisa. Kwa kawaida ni binti wa mgonjwa, au mkewe, au mke wa mwanawe. Ndiye alalaye juu ya mkeka chini ya kitanda. Ndiye afuaye matambara kabla ya mapambazuko, watu wasione. Shamba lake limeota majani, watoto wake huenda shuleni wamechelewa. Wajomba na baba wadogo huja, huketi chini ya mwembe, huuliza habari, hutoa mashauri mengi, kisha huenda zao. Hakuna anayemwuliza kama yeye mwenyewe amekula.

Saa tisa ya usiku, mzee anapomwita kwa mara ya saba, humjibu kwa ukali. Halafu hutoka nje akalia, akidhani kwamba ametenda dhambi kubwa mno. Katekista mwenye busara, akisikia habari hiyo, hamwongezei mzigo. Hatia anayoiona ni kubwa kuliko kosa lenyewe, na dawa yake ya kwanza ni usingizi. Mara nyingine hutamani pia mambo yaishe upesi, na wazo hilo humtisha. Karibu wote wanaokesha muda mrefu hulipata. Kutamani mateso yaishe si kutamani mtu afe.

Liko jambo lililo zito kuliko uchovu. Ugonjwa ukidumu, ukoo huanza kumtafuta mlozi. Mfumu aitwa, alipwa, na kidole chake mara nyingi huelekea kwa mtu asiye na ndugu wa kumtetea: mke aliyetoka kijiji cha mbali, yule yule anayemwosha mgonjwa kila siku. Wengine wamefukuzwa hata kabla ya mazishi. Hapo ndipo imani ya katekumeni hupimwa, si katika kujibu maulizo ya katekisimu tu. Imempasa kusimama mbele ya wazee kwa heshima, kuwaambia, “Baba zangu, kansa si ulozi, na mama huyu ndiye aliyemtunza ndugu yenu,” na kulirudia hata akitukanwa.

Msaada wa majirani huweza kupangwa vizuri sana. Katika jimbo la Kerala, nchini India, madaktari wa mji wa Kozhikode walifungua mwaka 1993 kliniki ya wenye maumivu. Waliona upesi kwamba hawatoshi: daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, na juma lina siku saba. Basi, kuanzia miaka ya 1999 hadi 2001, kazi iliwekwa mikononi mwa majirani wenyewe, wakulima, walimu, wafanya biashara, wanafunzi. Walifundishwa saa 16 za masomo, pamoja na siku 4 za kwenda kwa wagonjwa na wauguzi. Wahindu, Waislamu na Wakristu walifanya kazi hiyo pamoja, na watu wa kawaida walitoa fedha kidogo kila mwezi. Mwaka 2008 serikali ya jimbo iliifanya kuwa sehemu ya kanuni zake za afya. Huko Uganda nako wapo wajitoleaji wa vijiji: huwavumbua wagonjwa waliofichwa majumbani, huchota maji, humwita mwuguzi.

Katika parokia za Kongo shirika la kila mtaa lipo tayari, na huo ni mwanzo mwema. Wanawake wawili wa kushika usiku wa Alhamisi, ili binti alale usiku mmoja kwa juma. Kijana wa kuni. Mtu wa sabuni. Afadhali ndoo ya maji kwanza, sala baadaye. Kuna wageni wa namna moja ambao ingekuwa heri wabaki kwao: wale wajao kuimba saa mbili nzima katika chumba cha mtu asiyeweza kugeuka.

Wajitoleaji nao huchoka, hata kama hawasemi. Yafaa waende wawili wawili, wakutane kila baada ya juma moja au mawili wasimuliane yaliyowalemea, na aliyefiwa juzi apumzishwe. Waliyoyaona nyumbani mwa mgonjwa wasiyapeleke kisimani. Wasiahidi uponyaji, wasipokee fedha za jamaa. Juu ya fedha, ni ajabu kwamba jamaa waliokosa faranga za sabuni miezi mitatu hupata ng'ombe wa matanga kwa siku moja.

Je, mgonjwa aambiwe ukweli? Wengi humficha, naye huwaficha wao kwamba ajua. Njia njema ni kumwuliza kwa upole, “Baba, wewe mwenyewe waufikiri namna gani ugonjwa huu?” kisha kunyamaza na kungoja. Huenda ataja deni, au mpaka wa shamba, au ndugu ambaye hawajasemezana miaka kumi. Ndugu huyo aitwe akili ya mgonjwa ingali timamu. Padri naye aitwe mapema: kadiri ya utaratibu wa mwaka 1972, Mpako wa Wagonjwa si wa pumzi ya mwisho tu. Na mgonjwa aliye katekumeni, akiwa katika hatari ya kufa, hangoji Pasaka. Hata katekista aweza kumbatiza.

Mzee akiisha kuzikwa, morfini iliyosalia hurudishwa kwa mwuguzi, na matanga huisha. Wageni huondoka siku moja wote. Binti abaki na kitanda kitupu, na masikio yake bado husikia akiitwa usiku. Watu wa shirika wanaoijua kazi hii hawamtembelei siku ya mazishi tu. Katika juma la tatu au la nne huja asubuhi na majembe, walime shamba lake lililoota majani kabla ya mvua. Mara nyingine hukuta bado amelala, nayo ni saa nne ya asubuhi. Basi hulima kimya kimya, wasimwamshe.