Kabla ya Mguu Kugusa Sakafu

Masomo: Maombolezo 3:22-23, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, 1 Samweli 1:9-13

Tangu tuanze mafundisho ya maombi, kuna swali nimeulizwa mara kadhaa: je, Wayahudi wenyewe huombaje asubuhi?

Myahudi mshika dini akifungua macho tu, kabla hajatoka kitandani, husema sala fupi sana. Anamshukuru Mfalme aliye hai kwa kumrudishia roho yake, kisha anataja uaminifu Wake kuwa ni mwingi. Hilo la mwisho limechotwa Maombolezo 3:23. Jina la Mungu halimo, kwa maana bado hajanawa mikono. Lakini shukrani haingoji maji.

Akishanawa, baraka zinafuatana. Anashukuru kwamba jogoo amepewa akili ya kutofautisha mchana na usiku. Anashukuru kwa nguo, kwa vipofu kuona, kwa walioinama kuinuliwa. Iko hata baraka ya mtu aliyetoka chooni: anamshukuru Mungu aliyeumba mwili kwa hekima na kuutia matundu, ambayo moja likiziba lisivyofaa mtu hawezi kusimama mbele Zake. Usicheke, mpendwa. Wewe uliyewahi kukaa hospitalini na mgonjwa wa figo, ukingoja zamu yake ya kusafishwa damu, unaielewa baraka hiyo kuliko mimi ninayeifundisha.

Siku za kazi, wanaume hufunga visanduku viwili vyeusi vya ngozi, kimoja mkononi kuelekea moyo, kingine kichwani. Biblia yetu, Mathayo 23:5, inaviita hirizi, na neno hilo limewachanganya wengi, maana kwetu hirizi ni mambo ya mganga. Ndani hakuna dawa yoyote. Kuna vifungu vinne vya Torati vilivyoandikwa kwa mkono, viwili kutoka Kutoka 13, na viwili kutoka Kumbukumbu la Torati 6 na 11. Kile cha sura ya 6 ndicho wanachokikiri kila asubuhi, na ndicho Yesu alichojibu alipoulizwa amri iliyo kuu (Marko 12:29).

Ndipo wanasimama, miguu pamoja, nyuso kuelekea Yerusalemu. Sala hii ya kusimama huitwa Kumi na Nane, ingawa leo ina baraka 19. Tatu za kwanza ni sifa. Ombi la kwanza kabisa ni akili. Halafu toba, halafu msamaha. Uponyaji ni wa 8, na riziki ni ya 9! Tena wanasema "tuponye", si "niponye". Midomo inacheza lakini sauti haisikiki, na walimu wao wanasema walijifunza hivyo kwa Hana, yule ambaye Eli alidhani amelewa. (Sisemi tuache kupaza sauti. Hana naye alipaza ya kwake moyoni.)

Mtu ataniambia, "Lakini Mwalimu, hao wanasoma kitabu." Ni kweli, na marabi wa kale waliliona hilo. Mmoja wao, Eliezeri, alifundisha kwamba anayegeuza maombi kuwa desturi tu, hayo si maombi. Ila hebu tusikilize na sisi tunavyoomba bila kitabu, kama si maneno yale yale kila asubuhi. Na ziko asubuhi ambazo maneno hayaji kabisa, kama ile ya baada ya mazishi.

Kwa asubuhi kama hizo wana utaratibu ambao umenigusa sana. Aliyefiwa na mzazi husema sala maalum ya kumtukuza Mungu kwa muda wa miezi 11, na ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja. Lakini hawezi kuisema peke yake. Kwa desturi ya kale ni lazima wawepo wanaume kumi. Kwa hiyo wapo wanaoamka mapema na kwenda sinagogi, ingawa wao hawana msiba, ili jirani aliyefiwa asikute wamefika tisa.