Spika za ukutani: chagua kizuizi cha sauti kwa gharama nafuu, bila kuhatarisha nyumba

Wakazi wengi hupenda spika zinazojengwa ndani ya ukuta kwa sababu zinaokoa nafasi nyumbani, dukani au kwenye kinyozi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za kupangisha Mjambere, ukuta mmoja hutumiwa na familia mbili. Kabla fundi hajakata ukuta, mwenye nyumba anafaa kujua ni nini kitawekwa nyuma ya spika, na kwa nini.

Kazi mbili tofauti

Kitu chepesi chenye nyuzi hunyonya mwangwi ulio nyuma ya spika, na sauti hutoka safi. Kitu kizito kisicho na upenyo huzuia sauti isiende kwa jirani. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Wimbi la besi huweza kuwa na urefu wa zaidi ya mita 3, kwa hivyo sponji ya sentimita 5 haiwezi kulizuia.

Trei za mayai ambazo wengi hubandika ukutani ni karatasi nyepesi. Hazizuii sauti, hunyonya unyevu wa Pwani na hushika moto.

Nyenzo zinazopatikana

• Pamba ya mawe: haiungui na hunyonya sauti vizuri. Ndiyo chaguo bora hata kama bei yake iko juu kidogo, kwani spika moja huhitaji kipande kidogo tu. Fundi avae glavu na barakoa, kisha aifunike kwa kitambaa chepesi.

• Usumba wa makumbi ya nazi: ni rahisi kupatikana na hunyonya sauti, lakini huungua. Uwe mkavu kabisa na uwekwe mbali na nyaya za stima.

• Sufi ya msufi na nguo kuukuu: hunyonya sauti, ila sufi hushika moto kwa kasi sana. Zisitiwe ukutani.

• Sponji ya godoro: ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Iepukwe, hasa katika chumba cha kulala.

Hatua za kufuata

1. Chagua ukuta usiopakana na jirani.

2. Usitoboe jiwe hadi upande wa pili. Weka spika ndani ya sanduku la mbao nene, kisha ziba nyufa zote kwa saruji. Sauti hupita penye upenyo mdogo kama maji.

3. Weka vipande vya tyubu kuukuu kati ya spika na sanduku ili mtetemo usiingie ukutani.

4. Jaza nyuzi bila kuzishindilia. Amplifaya ibaki nje, mahali penye hewa.

5. Washa muziki kama kawaida, kisha mwombe jirani akuruhusu usikilize ukiwa chumbani kwake.

Katika nyumba ambazo kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, sauti hupita juu. Hapo nyenzo za ndani ya ukuta hazitasaidia hadi uwazi huo uzibwe. Kama haiwezekani, punguza besi.

Sheria inasema nini

Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mtetemo za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha nje katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katiba ya 2010 nayo inazipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele.

Kwa hivyo kizuizi kizuri hakimpi mtu ruhusa ya kuongeza sauti. Mkazi anayesumbuliwa na kelele anashauriwa kuzungumza kwanza na jirani yake, kisha apeleke malalamiko kwa msimamizi wa wodi au idara ya mazingira ya kaunti.