«Classified» si faili lililofungwa: Kiingereza cha korti kwa sisi tuliozoea Kifaransa

Mwaka uliopita jirani yetu, mama mmoja mzee, aliniletea karatasi ya parke. Zamani mtoto wake alishitakiwa, kesi haikufika mbali, na sasa alikuwa anaomba viza amfuate mke wake ng'ambo. Karatasi ilisema «classé sans suite». Mimi, kwa kujiamini kupita kiasi, niliandika «classified without continuation». Majuma machache baadaye jibu likaja: elezeni kwa nini faili hili ni la siri. Kweli, kwa Kiingereza hati iliyo «classified» ni siri ya serikali. Nilipaswa kuandika «the case was closed with no further action». Kijana alingoja miezi miwili zaidi kwa kosa langu. Mama yake hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutafuta neno najiuliza kwanza: nani amefanya nini kortini?

Tuchukue «condamner». Kifaransa kinatumia kitenzi hicho kimoja kwa kumtia mtu hatiani na kwa kumpa adhabu. Kiingereza kinatenganisha. Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani The Hague tarehe 14 Machi 2012: «he was convicted». Kifungo chake kilitangazwa tarehe 10 Julai: «he was sentenced to 14 years' imprisonment». Kwa karibu miezi minne, basi, alikuwa «convicted» bila kuwa «sentenced». Ukiandika «condemned», msomaji atafikiri ni mtu anayengoja kunyongwa.

Mathieu Ngudjolo, aliyeachiwa Disemba mwaka ule ule, ni «acquitted» au «found not guilty». Usiandike «found innocent». Majaji wenyewe walieleza kwamba hatia isipothibitishwa, si lazima iwe wamemwona mtu hana kosa.

«Magistrat» ni mtego mwingine. Kwetu hata procureur ni magistrat. Lakini «magistrate» ni mwamuzi wa korti ya chini, na Uingereza wengi wao ni raia wa kawaida wasiolipwa mshahara. Ukimwita procureur «magistrate», msomaji ataona mshitaki ndiye anayehukumu! Andika «prosecutor», au «judge», kufuatana na kazi yake. «Audience» ya korti ni «hearing». «Audience» ya Kiingereza ni watazamaji. «Arrêt» ya korti ya rufaa ni «judgment», wala si «arrest».

Na «partie civile»? Nimesikia wenzetu wakitetea «plaintiff». Siwaungi mkono. «Plaintiff» ni mtu anayefungua kesi yake ya madai, mbali na ile ya jinai (na Uingereza tangu 1999 anaitwa «claimant»). Wa kwetu anadai fidia ndani ya kesi ya jinai yenyewe. Mimi naandika «civil party», kisha naongeza sentensi moja ya kueleza anafanya nini pale.