Ufa Uliofumba Haujapona

Waya ukikunjwa mara moja haukatiki. Ukikunjwa na kunyooshwa mara nyingi mahali pale pale, hatimaye hukatika, ingawa hakuna mkunjo mmoja ambao ungetosha kuukata. Udhaifu huu unaoletwa na mzigo unaorudiwarudiwa huitwa uchovu wa metali.

Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Kiingereza, aina ya Comet, zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania. Ili kutafuta sababu, mwili wa ndege nyingine ya aina hiyo ulizamishwa katika tangi la maji huko Farnborough, ukawa unajazwa shinikizo na kupunguzwa, kama itokeavyo katika kila safari. Baada ya mizunguko ipatayo 3,000, pamoja na ile ya safari zake za awali, ukuta wake ulipasuka kuanzia pembe ya tundu lililokatwa ubavuni.

Ufa unavyokua

Ufa huanzia pale mkazo unapolimbikizana: penye pembe kali, tundu la ribiti au mkwaruzo. Kwenye ncha ya ufa mkazo huwa mkubwa mno, hata metali iliyopo hapo hutanuka isiweze kurudia umbo lake. Kila mzigo unapopanda, ncha husogea mbele, mara nyingi kwa umbali usiofikia sehemu moja ya elfu ya milimita.

Ufa unavyofumba

Ilidhaniwa kwamba ufa hubaki wazi maadamu metali inavutwa. Mwaka 1970 mhandisi Wolf Elber alichapisha majaribio ya vibamba vya aloi ya alumini yaliyoonyesha kwamba kuta za ufa hugusana kabla mzigo haujaisha. Sababu ni kwamba ncha inaposonga mbele huacha nyuma yake metali iliyokwisha kutanuka. Metali hiyo ya ziada hujaza nafasi, na kuta hukutana mapema.

Tuchukue mfano. Mzigo unapanda kutoka 0 hadi kilonyutoni 100, na ufa unafunguka mzigo ufikapo 50. Ni nusu ya juu tu inayousukuma ufa. Katika metali nyingi kasi ya ukuaji hufuata kipeo cha 2 hadi 4 cha badiliko la mzigo. Kwa kipeo cha 3, kasi itakuwa ½ × ½ × ½, yaani moja ya nane ya ile ambayo ingekuwapo lau ufa ungebaki wazi daima.

Tahadhari

Kufumba hupunguza kasi. Hakupunguzi urefu wa ufa wala kilele cha mzigo. Ufa ukifikia urefu fulani, kilele kimoja hutosha kuvunja kilichosalia. Zaidi ya hayo, ufa uliofumba hujificha: jicho haliuoni, na mawimbi ya sauti yanayotumiwa katika ukaguzi huweza kupenya pale kuta zinapogusana badala ya kurudi kutoa habari. Kwa hiyo mkaguzi asiridhike na kifaa kilichopumzishwa bila mzigo, kwani huo ndio wakati ufa unapofumba.

Zoezi

Katika mfano uliotolewa, ufa sasa unafunguka mzigo ufikapo kilonyutoni 20. Kokotoa kasi ya ukuaji ikilinganishwa na ya ufa usiofumba kabisa, kwa kipeo cha 3. (Jibu: 0.512)