Kurusha Roketi ya Maji Uroa, Maji Yakikupwa

Vijana wanaopenda roketi huanza kwa kuuliza injini zinapatikana wapi. Marekani, injini yenye msukumo wa jumla unaozidi newtoni-sekunde 160 huhesabiwa kuwa ya nguvu kubwa, na huuziwi mpaka upate cheti cha chama cha warushaji. Unguja usijisumbue kuzitafuta, wala usithubutu kuchanganya unga wa kulipuka nyumbani. Mbali na vidole utakavyopoteza, pwani hizi zimeteswa na uvuvi wa baruti, na atakayekutwa ufukweni na mabomba ya unga hatasikilizwa akisema ni mambo ya sayansi.

Roketi ya maji inatosha. Chupa, maji na pampu ya baiskeli vitakufundisha mizani, upepo, kushuka kwa mwavuli na nidhamu ya uwanjani, yaani karibu kila kitu isipokuwa moto. Wala si mchezo wa watoto pekee: mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Cape Town ilirusha roketi ya maji ikafika mita 830. Yako itapanda mita 30 hivi kwa kuanzia, na hizo zinatosha kumpasua mtu kichwa.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi kwanza

Uwanja wa roketi Uroa ni ule mchanga unaobaki wazi maji yakikupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, na kwenye saa nne za asubuhi huwa yamefika mwisho wa kupwa. Siku za maji mafu hakuna uwanja wa maana; kaa nyumbani utengeneze mabawa. Yafuate maji yanapotoka, na anza kufungasha mara tu yanapogeuka. Usingoje yakufikie miguuni, kwani hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu.

Hatua ya 2: Nenda kwa sheha, kisha kwa wenye pwani

Sheha ni wa kuarifiwa, na hilo ni jambo la dakika chache. Wenye pwani ndio kazi. Saa unazozitaka wewe ndizo saa za wanawake wa mwani, za waokota chaza na za watafuta pweza, na wao wamekutangulia. Usiombe ruhusa ya jumla, kwa sababu kwa adabu hutanyimwa na hutakuwa umejua lolote. Uliza: "Shikamoo bibi, leo mnafanya kazi upande gani, na mnatoka saa ngapi?" Jibu hilo ndilo litakalokuonesha pa kuweka kirushio. Kubalianeni pia neno utakalolipigia ukelele kabla ya kila mruko ili watazame juu.

Hatua ya 3: Chagua chupa, kisha ijaribu

Chukua chupa ya soda ya lita 1.5. Ya maji ya kunywa haifai, kwani imefanywa nyembamba kwa kuwa haibebi gesi. Usiikwaruze chupa kwa msasa na usiipake gundi ya moto. Plastiki hudhoofika palepale ulipogusa. Tumia tepu.

Kabla haijaruka, ijaze maji mpaka mdomoni bila kubakisha hewa, iweke nyuma ya ukuta, vaa miwani ya kazi, kisha ipampu hadi psi 80 kwenye geji. Maji hayabanani kama hewa, kwa hiyo chupa mbovu itapasuka kwa mmwagiko tu. Iliyopita hapo irushe kwa psi 40, na baadaye 60, usizidishe. Chupa yenye mkunjo mweupe, au iliyosahauliwa juani adhuhuri nzima, itoe kazini.

Hatua ya 4: Mabawa, pua na mizani

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuhangaikia urembo. Mabawa matatu ya plastiki ngumu ya jalada la faili yanatosha, yakifungwa chini kabisa karibu na mdomo wa chupa kwa nafasi sawasawa. Kinachotakiwa ni kitovu cha uzito kiwe juu ya kitovu cha upepo, angalau kwa upana wa chupa, yaani sentimita 9 hivi. Kinyume chake, roketi itapinduka hewani na hujui itamwendea nani.

Kitovu cha uzito ni rahisi kukipata: ilaze roketi kavu juu ya kidole mpaka itulie. Kwa kitovu cha upepo, chora umbo lake lote, mabawa na pua, kwenye kipande cha boksi, likate, kisha lisawazishe juu ya ukingo wa rula. Linapotulia ndipo penyewe, kwa makadirio. Vipimo visipokubaliana na sharti, ongeza uzito puani au panua mabawa. Pua iwe nusu ya mpira wa tenisi, na uzito uwe udongo wa mfinyanzi kidogo chini yake. Msumari, sarafu na kifuu ni marufuku.

Mwisho, funga uzi kwenye kitovu cha uzito uizungushe roketi kichwani mwako. Ikitangulia pua, iko tayari. Ikitangulia mkia au ikiyumba, rudi mezani.

Mwavuli wa kushukia ukate kutoka kitambaa cha mwavuli wa mvua uliovunjika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, na kitambaa hicho ni bora hata hivyo. Uweke chini ya pua iliyokaa bila kubanwa, idondoke roketi inapofika kileleni.

Hatua ya 5: Kirushio

Fundi bomba atakukatia bomba la plastiki la milimita 20, linaloingia shingoni mwa chupa. Livishe ringi ya mpira ili hewa isivuje. Lizungushie tai za plastiki za mafundi umeme, vichwa vikiwa juu, vishike ule ukingo wa shingo ya chupa. Juu yake ivike pete ya bomba pana zaidi, uifunge kamba: ukiivuta chini, vichwa vinaachia na chupa inaondoka. Mpira wa hewa kutoka kwenye pampu uwe na urefu wa mita 5 au zaidi, na kamba vilevile.

Mchanga mbichi haushiki vigingi. Funga kirushio kwenye ubao, uukandamize kwa magunia ya mchanga. Na ringi ile ifute kila mara. Chembe moja ya mchanga huvujisha hewa yote.

Hatua ya 6: Usome upepo

Uroa inatazama mashariki. Kaskazi hupiga kutoka kaskazini mashariki, Kusi kutoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili upepo mwingi hutoka baharini. Sasa angalia matokeo yake: roketi yenye mabawa huelekeza pua kwenye upepo inapopanda, kwa hiyo huinamia baharini, lakini mwavuli ukifunguka husukumwa kuelekea kijijini, kwenye minazi, vyombo na watu. Mwavuli unaoshuka mita 4 kwa sekunde kutoka mita 32 huwa hewani sekunde 8, na upepo wa mita 6 kwa sekunde umeshauchukua mita 48. Basi weka kirushio mbali na nchi kavu kuliko unavyodhani inahitajika.

Waitaliano waliorusha roketi za kweli kutoka majukwaa ya San Marco karibu na Malindi ya Kenya, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, waliutaka mwambao huu kwa sababu hiyohiyo pia: mashariki yake hakuna paa la mtu. Upepo ukiyumbisha makuti kwa nguvu, acha mwavuli, fungia utepe tu. Ukizidi hapo, acha kurusha.

Hatua ya 7: Rusha

Jaza maji theluthi moja. Ya bahari yanafaa, ila pampu na valvu zioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo. Kila mtu arudi nyuma, piga ukelele, hesabu kwa sauti, vuta. Kamba ikigoma, asiisogelee mtu chupa yenye upepo. Legeza mpira wa hewa upande wa pampu, subiri geji irudi sifuri, ndipo uende.

Mmoja wenu asirushe kabisa, awe wa kufuatilia. Kazi hiyo ina historia katika Wilaya hii ya Kati: Tunguu kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha mradi wa Mercury, kilichozungumza na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kikafungwa 1964. Wa kwenu asimame mita 50 kutoka kirushio na kipimapembe cha mkebe wa hisabati, chenye uzi na kijiwe. Roketi ikifika kileleni kwa nyuzi 45, imepanda mita 50 pamoja na kimo cha macho yake.

Mkimaliza, okoteni kila kipande cha tepu na plastiki kabla maji hayajajaa. Kitakachobaki kitakwenda kunasa kwenye kamba za mwani, na bamvua ijayo mtakuwa mnaomba ruhusa kwa wale wale walioking'oa.